Usukani wa Mtu Mrefu

Jumapili, 4 Septemba 2022

Mgongo! Naandika kwa simu, nimelala chali sakafuni, kitanda nimekishindwa.

Leo mazoezi mtoni. Maji yamekauka na kiangazi, yamebaki mawe matupu. Baba alisimama chini ya jiwe, mkoba wa spana mgongoni, mikono juu. Ndiyo kazi ya mbeba mkoba: pikipiki ikirudi nyuma, anaidaka kabla haijanilalia. Mikono kazini, na mdomo nao kazini. "Kunja magoti! Kunja! Twiga anakunywa maji huyo!" Waendesha baiskeli waliokuwa wanapita wakasimama kucheka. Akawapungia. Anapenda watazamaji.

Pikipiki yetu haina kiti. Huketi, unasimama kwenye vikanyagio mwanzo hadi mwisho, unapanda jiwe, unashuka jiwe, na kila ukiweka mguu chini ni pointi mbaya. Usukani wake umepangwa kwa watu wa kimo cha Baba, ambaye kichwa chake kinanifika kwapani. Mimi nikiushika nainama kama naokota kitu kilichoanguka. Jiwe la tatu tu, kiuno kinawaka moto. La tano, mguu chini. Si kwa woga — kwa maumivu.

Nikamwambia tena: Baba, tuupandishe usukani. Kidogo tu. Jibu ni lile lile. Usukani hauna kosa, kosa ni miguu ya Kiholanzi.

Yaani miguu ya Mama. Aliondoka nikiwa darasa la tatu, akarudi kwao Uholanzi, akaniachia urefu wake na koti la mvua.

Jumanne, 6 Septemba

Eudald wa kiwanda cha pikipiki ameingia leo kwenye duka la mikate ninakofanya kazi, nikiwa nimejaa unga hadi nyusi. Anasimamia timu yao ya triali, mchezo wetu huu wa kupanda mawe kwa pikipiki. Akachagua mkate, akaurudisha, akachagua mwingine. Nikajua ana jambo.

Mwakani wana nafasi moja tu ya msichana. Moja! Pikipiki mpya, safari, mshahara. Wamebaki wawili: mimi na msichana mwenzangu, Ona. Mbio za mwisho ni tarehe mbili mwezi ujao, kule kwenye machimbo ya mawe. Atakayekuwa mbele ya mwenzake, basi.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini kana kwamba ananipenda, kuwa wamenitazama. Nguvu ninayo. Ila nani atampa pikipiki binti wa miaka ishirini na moja anayeshuka ameshika kiuno kama bibi kizee?

Nikamfungia mkate. Nikaufunga vibaya.

Usiku mezani nikamweleza Baba. Akamenya kitunguu saumu, akasugua nyanya kwenye mkate wake taratibu, akaweka chumvi. Halafu: "Ona anasimama vizuri sana, yule mtoto."

Hilo tu! Hakuna kingine. Nikaenda kulala na njaa.

Jumamosi, 10 Septemba

Jino la mbele limevunjika nusu. Nikitamka s, inatoka upepo.

Nianze mwanzo. Asubuhi nimeufungua usukani mwenyewe. Boliti nne, vibano viwili. Nikaweka vipande vya kunyanyulia chini ya vibano, juu yake usukani mpya wenye pembe iliyoinuka zaidi. Usiurudishe nyuma sana, magoti yatagonga. Usiusukume mbele sana, utaning'inia. Ufuate mstari wa shokapu. Yote haya najua. Nimekulia gereji.

Baba alikaa kwenye kreti, anakula mkate na soseji kavu, ananitazama. Hakusema neno. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikadhani ananiachia. Nikadhani ni heshima.

Mtoni nikapanda lile jiwe pana. Juu yake kuna kona ya kushoto, ya kukata usukani hadi mwisho. Nikakata. Pikipiki ikanguruma yenyewe! Sijagusa mafuta, naapa. Ikaruka mbele, mimi nayo, tukaingia kwenye kichaka cha miiba, na usukani ukanipiga mdomoni.

Nikatafuta mikono ya Baba. Baba alikuwa amesimama pembeni kabisa.

Waya wa mafuta. Ukiupandisha usukani, waya uliokuwa unatosha unakuwa mfupi. Ukienda moja kwa moja huoni tofauti. Ukikata kona hadi mwisho unavutika, unafungua mafuta wenyewe. Kila fundi anajua. Mimi nimesahau, kwa haraka na kwa hasira.

Nikatema damu. Baba akaja, akaugusa waya kwa kidole kimoja. Akasema ameuona tangu gereji.

— Ukanyamaza?

— Ungenisikia?

— Na kama ningekufa?

— Kwenye miiba hafi mtu, akasema, na akanitolea mwiba mmoja shingoni. Mmoja tu, wakati ilikuwa mingi.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Namchukia mzee huyu mfupi.

Jumapili, 11 Septemba

Sikukuu ya taifa. Bendera kila dirisha. Mdomo umevimba, nakunywa supu kwa mrija. Sijasema naye.

Jumatano, 14 Septemba

Hebu sikia! Naongea na nani? Na mimi mwenyewe. Hebu nijisikie!

Nimenunua waya mrefu na mpira mrefu wa breki ya mbele. Nimevipitisha upya, mbele ya shokapu, pasipo kubanwa. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ile: injini ikinguruma polepole, nikakata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, sikio chini. Sauti haikubadilika hata chembe. Nikarudia. Nikarudia tena kwa raha tu.

Mtoni peke yangu, baada ya kazi. Kwanza niliuweka juu mno — gurudumu la mbele jepesi, linaelea, kwenye kona haling'ati. Nikatoa kipande kimoja. Bado. Nikauzungusha mbele kidogo, kidogo sana, unene wa kucha. Hapo!

Nimesimama wima. Wima, jamani! Naona jiwe linalofuata kabla sijafika kwenye hili. Mikono imenyooka, mgongo kimya. Miaka yote hii nilidhani mimi ni mbovu. Kumbe nilikuwa nimevaa nguo ya mtoto.

Nililia ndani ya helmeti. Hakuna aliyeona.

Baba alinikuta naosha pikipiki. Akauzunguka usukani mara mbili, mikono nyuma. Akasema sasa naonekana kama mtu anayesukuma toroli la sokoni.

Potelea mbali.

Jumapili, 18 Septemba

Mashindano madogo ya kijiji jirani. Sikuweka mguu chini hata mara moja. Sifuri! Ona aliweka mitano, akanipongeza kwa kunikumbatia tumboni, maana huko ndiko anakofika.

Baba alinibebea mkoba. Alisimama chini ya kila jiwe, akainua mikono, akashusha mikono. Hakuwa na la kudaka. Nilimwona anavyotafuta kosa, nikamnyima.

Eudald akaja kuulizia nani amenipangia usukani. Nikasema mimi. Baba akakohoa. Eudald akamtazama Baba, akanitazama mimi, akasema kwa miaka yote mtu mrefu kapandishwa pikipiki ya mtu mfupi na hakuna aliyeona, ajabu kweli. Alisema kwa kicheko, lakini mbele ya watu.

Baadaye kwenye baa ndiyo ilikuwa balaa. Wazee wenzake wakamshika. "Climent, siku hizi binti unamdaka kwa ngazi?" "Climent, mwambie akushikie mkono, utapotea miguuni pake!" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, na pengo langu nje, ili anione.

Akaniona. Njia nzima kwenye gari hakuwasha redio.

Alhamisi, 22 Septemba

Nimekata. Mikono inanuka chuma bado.

Nimerudi kutoka dukani saa za jioni, nimeingia gereji, usukani wangu haupo. Umewekwa kando, juu ya gazeti. Kwenye pikipiki amefunga wake.

Ule wa ukutani! Ule aliotwalia ubingwa mwaka niliozaliwa. Umekaa ukutani juu ya jiliwa maisha yangu yote, hakuna anayeruhusiwa hata kuufuta vumbi. Nikiwa mtoto niliugusa, nikapigwa kofi. Leo ameushusha, ameupaka dawa ya kung'arisha, ameuvisha mipini yangu mipya. Na kwenye meza ya kazi ameweka vigilasi viwili vya ratafia, ile pombe tamu ya mimea.

"Jaribu huu," akasema. "Huu una bahati."

Mfupi! Umelala chini kuliko hata ule wa kiwandani. Nikiushika napiga magoti kwa heshima.

Akanywa kigilasi chake, akaona mimi sinywi, akaenda kupika.

Nikaufungua. Nikaubana kwenye jiliwa. Nikachukua msumeno wa chuma. Ni kazi ndefu kuliko nilivyofikiri, bomba la zamani gumu, na sauti yake ilisikika hadi jikoni, najua ilisikika, kwa sababu kijiko kilikuwa kinagonga sufuria kisha kikaacha. Hakuja. Angeweza kuja! Nilikuwa bado nusu.

Vipande viwili. Nikavipeleka mezani, nikavipanga huku na huku kando ya bakuli lake, kama kisu na uma.

Akaketi. Akaweka leso kifuani. Akanywa supu yake yote, katikati ya vipande vile, bila kuvigusa. Kisha akasema Mama yangu aliondoka kwa ustaarabu kuliko huu.

Nami nikasema: "Mama aliondoka kwa sababu alichoka kuinama."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Akainuka, akaosha bakuli lake. Na langu akaliosha.

Ilikuwa zawadi. Najua, sijifanyi mjinga. Hajawahi kumpa mtu ule usukani na hatakuja kumpa mwingine. Ndiyo maana niliukata katikati, ambapo hauungiki. Ningeukata pembeni angeutengeneza.

Ijumaa, 23 Septemba

Vipande vimeondoka mezani. Mkoba wa spana haupo kwenye msumari wake.

Jumapili, 25 Septemba

Nimeenda mtoni, nikasikia sauti yake kabla sijafika.

"Vizuri, mama! Hivyo hivyo, mama!"

Mama! Mimi ni Twiga, mimi ni Mholanzi. Ona ni mama. Alikuwa chini ya jiwe langu, mikono juu, mkoba mgongoni, anamdaka Ona. Kaka yake Ona, aliyekuwa anambebea, amepata kazi Andorra. Nafasi ikawa wazi, mzee akajipeleka.

Aliniona. Hakushusha mikono. Ona ndiye aliyeshuka, akaja mbio, uso mwekundu. Akaapa hakumwomba, amekuja mwenyewe juzi asubuhi, amegonga mlango, kasema kwa binti yake hana kazi tena. Yeye atafanyaje? Mtu kama Climent unamkataaje?

— Mchukue, nikamwambia. Hali sana. Ila anaongea mno.

Ona hakujua acheke au alie. Kisha, kwa vile yeye hana akili ya kuficha, akaniambia Baba amemweleza kila kitu kuhusu mimi. Kwamba tangu nianguke nasita kwenye kona za kushoto. Kwamba anibane huko huko, aende mbele yangu, apande haraka, aniache nitazame na kuogopa.

Ni kweli nasita. Sikujua kama inaonekana.

Kwa hiyo alikuwa ananitazama vizuri muda wote. Kila kitu alikiona, akakitunza, na kumbe alikuwa anamtunzia mwingine.

Jumatano, 28 Septemba

Tunaishi nyumba moja. Nasikia anavyokohoa. Ananipikia na ananiachia chakula jikoni, kimefunikwa kwa sahani. Nakila kimesimama — yaani mimi nimesimama. Namtupia mbwa wa jirani nusu, ili Baba akiona sahani tupu adhani mbwa ndiye aliyekula, si mimi.

Kona za kushoto: nimezikata jioni nzima, hadi klachi ikanuka. Bado kuna mahali mwili unaniambia itanguruma yenyewe. Haingurumi. Mwili hauamini.

Jumamosi, 1 Oktoba

Machimboni, kujiandikisha. Nimepewa namba yangu na kizibao cha njano cha mbeba mkoba, namba yangu imeandikwa mgongoni. Mama wa mapokezi akauliza jina la mbeba mkoba. Nikasema sina. Akainua macho. "Na Climent?" Nikamwonyesha Climent. Alikuwa anashusha pikipiki ya Ona kwenye gari, kizibao cha Ona tayari amekivaa, kinamfika magotini.

"Hee," akasema yule mama, akapiga mstari mahali pa jina.

Kupanda bila mtu chini inaruhusiwa. Hairuhusiwi na akili, lakini kanuni inaruhusu.

Tulipishana kwenye bomba la maji. Macho yake yakaenda kwenye usukani wangu, si kwangu. Akasema boliti za mbele ndizo zianze kukazwa, za nyuma zimalizie. Nikamjibu akaze za kwake.

Nilikuwa nimeshazikaza hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Jumapili, 2 Oktoba

Mchana. Mzunguko wa kwanza umekwisha. Nakula ndizi, mkono mmoja, naandika kwa mwingine.

Hali ni hii. Ona yuko mbele kidogo sana, mimi nina pointi mbaya mbili zaidi yake. Kote nilikopoteza ni kona za kushoto. Kila nikikaribia, sauti ya Baba upande wa pili wa utepe unaozungushia kila sehemu ya mawe: "Tazama, Ona! Tazama anavyosita!" Si kwa kelele. Kwa sauti ya mwalimu. Wachuma uyoga wamejaa ukingoni na vikapu vyao, na wao wameanza kutazama mguu wangu wa kushoto.

Mgongo hauniumi. Hata kidogo! Nimesimama wima machimbo mazima. Hilo hawezi kuniondolea.

Jiwe la mwisho, lile la juu ya shimo, nililipanda bila mtu chini. Mbeba mkoba wa msichana wa Girona alijitolea kusimama. Nikamwambia asante, hapana. Kiburi.

Jioni, sehemu ya mwisho, mzunguko wa mwisho

Naandika haraka, glavu moja mdomoni. Injini nimezima. Kila kitu kimesimama.

Mzunguko wa pili nimekata kona zote. Zote! Kwenye ile ya tano Baba alisema "Tazama—" na mimi nikawa nimeshapita, akabaki na neno mdomoni. Tumefika hapa tukiwa sawa, mimi na Ona, hakuna hata pointi moja kati yetu. Limebaki jiwe la juu ya shimo.

Ona akaanza. Baba chini yake, mikono juu. Akapanda, akayumba, akaweka mguu mmoja. Mmoja tu. Akatoka upande wa pili analia na kucheka.

Kwa hiyo nikipanda safi, nafasi ni yangu. Nikianguka, ni yake.

Nikasogea mlangoni mwa sehemu. Nikawasha. Hapo ndipo Baba alipofanya alichofanya.

Aliweka mkoba chini. Akavua kizibao cha Ona, akakikunja vizuri, kona kwa kona, akakilaza juu ya mkoba. Akainama chini ya utepe, akarudi ndani. Akashuka shimoni na viatu vyake vile vya gereji, akasimama chini ya jiwe langu. Akainua mikono. Kwangu.

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu ile supu.

"Usukani uko sawa," akasema. "Njoo."

Sijawahi kuambiwa na mtu huyu kwamba kitu changu kiko sawa. Kamwe. Nilifurahi, nikakasirika kwa nini nafurahi.

Na filimbi ikalia.

Bi Roser, mwamuzi wa sehemu hii. Mama wa miaka sabini, amemjua Baba tangu anavaa kaptura. Lakini leo ana filimbi. Kanuni hii hata watoto wanaijua, na Baba ndiye anayewafundisha hao watoto kila mwaka: anayeingia ndani ya utepe bila kizibao, adhabu inampata mpandaji wake. Pointi tano, sawa na kuanguka. Yeye amekivua kwa sababu — naijua sababu, mtu yeyote wa hapa anaijua. Hakuweza kusimama chini yangu na namba ya mwingine mgongoni. Amejali hilo, kanuni akaisahau.

"Asiye na kizibao ni wa nani?" Bi Roser akauliza.

Nikajibu kabla hajafunga mdomo. "Wa Ona."

Na ni kweli! Karatasi zinasema hivyo. Kwangu, mahali pa mbeba mkoba pana mstari mtupu, waulizeni mapokezi. Ona akapiga yowe, yeye amemaliza, amemaliza kabisa, hahusiki! Bi Roser akatikisa kichwa: mbeba mkoba ni wako hadi mashindano yaishe. Akatoa kadi ya pointi za Ona mfukoni.

Kisha, sijui kwa nini, kwa huruma au kwa umbeya, akamgeukia Baba mwenyewe.

"Climent. Wewe hapo ni wa nani?"

Hakushusha mikono. Akanionyesha kwa kidevu.

"Mimi ni baba yake huyo."

Kwa sauti. Machimbo yote yakasikia. Kama mimi ndiye wake, tano ni zangu, kabla sijasogea hata gurudumu, na nafasi ni ya Ona. Anajua. Hawezi kutojua! Amesema kwa sababu ndivyo ilivyo? Au amesema kumwokoa Ona, yule anayemwita mama, na amenitumia mimi kama kawaida? Nimeuchungulia uso wake hadi macho yananiuma. Hakuna kitu pale. Mzee tu, jasho, mikono juu.

Bi Roser amekataa kuamua. Amemwita mkuu wa waamuzi, anapanda kutoka chini kwa miguu. Namwona kofia yake. Anapumua vibaya.

Nikisema ni wangu, kesho narudi kwenye mkate. Nikisema si wangu, tano zinaenda kwa Ona, atolewe nje yeye, nami nalipanda jiwe lile juu ya shimo tupu, na hata nikiweka mguu mmoja, hata miwili, nimeshinda. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa bado na glavu zote mbili. Ilinichukua muda mfupi kuliko inavyopaswa.

Ona amekaa chini, amefunika uso. Eudald anatazama viatu vyake. Baba ameshusha mkono mmoja, umechoka. Mwingine bado uko juu.

Mkuu amefika. Ameshika kiuno, anatafuta pumzi. Nilidhani ataanza na kizibao. Hakuanza na kizibao. Ameniuliza mimi, kwa upole, mbele ya wote: "Binti, baba yako ni nani?"

Nimemwinulia kidole. Asubiri, namalizia kuandika. Anasubiri. Na Baba naye anasubiri.